Kiangazi na bustani za nyumbani: maji yanapopotelea Kibaha na Kisarawe

Mwishoni mwa Oktoba 2022, wakazi wa Dar es Salaam na baadhi ya maeneo ya Mkoa wa Pwani walitangaziwa kuanza kwa mgao wa maji. Sababu iliyotolewa ilikuwa wazi: mvua za vuli zilichelewa, maji ya Mto Ruvu yalipungua, na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, ambayo kwa pamoja ina uwezo wa kuzalisha lita milioni 466 kwa siku, ilibaki ikizalisha takriban lita milioni 300. Mjadala wa umma katika wiki zile ulihusu zaidi ukame, uchepushaji wa maji mtoni na uchakavu wa miundombinu. Uani, ambako mpira wa maji huachwa juu ya tuta la mchicha huku mwenye nyumba akiendelea na shughuli nyingine, hapakupewa uzito.

Bustani ya nyumbani si anasa kwa kaya za Pwani. Tuta la matembele, mashina machache ya bamia, mnavu pembeni mwa bafu na mpapai karibu na jiko ni mboga ya siku ambayo mfuko haukuruhusu kwenda sokoni. Kwa hiyo suala lililopo si kuwataka wananchi waache kulima nyuma ya nyumba. Suala ni kwamba sehemu kubwa ya maji yanayomwagwa kwenye bustani hizo wakati wa kiangazi haifiki kabisa kwenye mizizi, na hiyo ndiyo sehemu inayoweza kuokolewa bila mboga kukauka.

Safari ya tone moja

Mto Ruvu huanzia kwenye Milima ya Uluguru mkoani Morogoro na kuishia Bahari ya Hindi upande wa Bagamoyo. Mtambo wa Ruvu Juu uko Mlandizi, katika Wilaya ya Kibaha. Hapo maji huvutwa kutoka mtoni, hutulizwa ili tope lishuke, huchujwa, hutiwa dawa, kisha husukumwa kwa pampu kufuata ukanda wa Barabara ya Morogoro kuelekea Kibaha mjini, Kibamba na Dar es Salaam. Huduma hiyo inasimamiwa na Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Dar es Salaam (DAWASA), ambayo eneo lake la kazi linavuka mipaka ya Jiji na kuingia Pwani.

Kisarawe iko mbali zaidi na chanzo. Mji huo umekaa juu ya vilima vya Pugu, na kwa miaka mingi wakazi wake walitegemea visima na maji ya kununua kwa dumu. Hali ilianza kubadilika mradi wa bomba kutoka Kibamba ulipozinduliwa Juni 2020, ukiwa na tangi la lita milioni 6. Maana yake ni kwamba tone linalotoka bombani Kisarawe limesukumwa kwa umeme kutoka Mlandizi hadi Kibamba, kisha likasukumwa tena kupanda vilima. Ni maji safi ya kunywa. Yanapomwagwa kwenye udongo na kuzama bila kuufaidi mmea wowote, kilichopotea ni maji, dawa, umeme na zamu ya jirani aliye mwisho wa bomba.

Zamu ya jirani ndiyo inayoumiza zaidi. Msukumo wa maji katika mtandao wa mabomba hugawanywa kati ya wote waliofungua koki kwa wakati mmoja. Saa za jioni, watu wanaporudi kutoka kazini, wengine wanaoga, wengine wanajaza matangi, na mipira ya bustani inafunguliwa saa hizo hizo. Nyumba za bondeni na zilizo karibu na bomba kuu hupata maji bila shida. Nyumba za mwinuko, ambazo Kisarawe zipo nyingi na Kibaha hazikosekani, hubaki na bomba linalotoa hewa. Kaya ya namna hiyo hununua maji kwa dumu au kwa boza, na bei yake huwa juu kuliko ya maji ya dira. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 imeweka mahitaji ya msingi ya binadamu kuwa kipaumbele cha kwanza katika matumizi ya maji. Kipaumbele hicho kinasomeka vizuri kwenye karatasi, lakini jioni ya Januari kinategemea sana nani ameacha mpira ukitiririka.

Kalenda inayogongana

Ukanda huu una misimu miwili ya mvua: masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kati yake kuna vipindi viwili vya ukavu ambavyo havifanani. Cha kwanza, Juni hadi Septemba, huwa na ubaridi kiasi na upepo wa kusi. Cha pili, Januari na Februari, ni kifupi lakini chenye joto kali na upepo wa kaskazi, na ndicho hasa huunguza bustani. Vuli ikishindwa, vipindi hivyo viwili huungana na kuwa kiangazi kimoja kirefu, kama ilivyoonekana kuelekea mwisho wa mwaka 2022.

Mto na bustani hufuata kalenda moja, lakini kwa kupishana. Siku ambazo mmea unahitaji maji mengi kuliko siku nyingine zote ndizo siku ambazo Ruvu huwa na maji machache. Bwawa la Kidunda linalojengwa mkoani Morogoro, lenye uwezo uliopangwa wa kuhifadhi lita bilioni 190, limekusudiwa kuziba pengo hilo kwa kuhifadhi maji ya masika na kuyaachia mtoni wakati wa kiangazi. Litakapofanya kazi, mto utakuwa na maji ya uhakika zaidi. Hata hivyo, bwawa haliongezi upana wa bomba linalopanda Kisarawe, wala haliwezi kuufunga mpira uliosahauliwa uani.

Hesabu ya ndoo

Wananchi wengi wanajua kiasi cha fedha wanacholipa kwa ankara ya mwezi, lakini si kiasi cha maji kinachomwagwa kwenye bustani. Hesabu yake ni rahisi na haihitaji kifaa chochote zaidi ya ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Mwisho wa mpira huwekwa ndani ya ndoo, koki hufunguliwa kama inavyofunguliwa siku zote, kisha muda wa ndoo kujaa hupimwa.

Tuchukue mfano wa ndoo iliyojaa kwa sekunde 90. Mpira huo unatoa zaidi kidogo ya lita 13 kwa dakika. Ukiachwa wazi kwa nusu saa, utamwaga lita 400, yaani ndoo 20. Ikifanyika hivyo kila siku, kwa mwezi ni lita 12,000. Kwa kuwa uniti moja kwenye dira ya maji ni lita 1,000, bustani hiyo peke yake inaongeza uniti 12 kwenye ankara. Kila mteja anaweza kuzidisha idadi hiyo kwa bei ya uniti iliyochapishwa kwenye ankara yake na kupata jibu kwa shilingi.

Sasa upande wa mmea. Katika hali ya hewa ya pwani wakati wa joto, udongo na mimea kwa pamoja hupoteza maji yanayolingana na kina cha milimita 4 hadi 6 kwa siku. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo tuta lenye upana wa mita moja na urefu wa mita 10 linahitaji takriban lita 50 kwa siku ya joto kali: ndoo mbili na nusu, au keni tano za lita 10. Nyumba yenye matuta matatu ya aina hiyo inahitaji lita 150. Mpira wa mfano wetu umemwaga 400.

Lita 250 zilizozidi hazikuongeza hata jani moja. Katika mtaa wenye nyumba 50 zinazomwagilia kwa mtindo huo, ziada ya jioni moja ingekuwa lita 12,500, sawa na ndoo 625. Mtaa wa aina hiyo si wa kufikirika tu. Maeneo ya makazi mapya kandokando ya Barabara ya Morogoro, yenye viwanja vikubwa na nyumba zilizoachiwa nafasi ya bustani, yanazidi kuongezeka mwaka hadi mwaka.

Kichanga hakihifadhi deni

Kwa nini maji mengi yasiwe akiba ya kesho? Jibu liko kwenye udongo. Sehemu kubwa ya Kibaha na Kisarawe ina udongo wa kichanga, ukiondoa mabonde ya Ruvu yenye udongo mzito na baadhi ya miteremko yenye mfinyanzi. Chembe za kichanga ni kubwa na nafasi kati yake ni pana, hivyo maji hupita haraka kuelekea chini. Kwa makadirio ya kawaida, mita moja ya kina cha udongo wa aina hii hushika kati ya lita 60 na 100 za maji yanayoweza kutumiwa na mmea kwa kila mita ya mraba. Mizizi ya mchicha au chainizi haifiki mita moja. Mingi hukaa katika sentimita 20 hadi 30 za juu. Nafasi ya akiba iliyopo hapo ni lita 20 hivi, pengine 25. Chochote kinachozidi kiasi hicho huteremka chini ya mizizi na kuondoka na mbolea iliyotiwa. Mkulima wa uani huona majani yakigeuka manjano, hudhani maji hayatoshi, na huongeza mengine. Kosa hilo ni la kawaida mno, na linaeleza kwa nini baadhi ya bustani zinazomwagiliwa kupita kiasi huwa dhaifu kuliko za majirani wenye maji ya kubahatisha.

Kipimo cha uhakika ni cha mkono. Saa moja baada ya kumwagilia, udongo huchimbwa kwa kijiti au jembe dogo hadi kina cha kiganja na vidole. Ukiwa na unyevu hadi hapo, maji yanatosha. Ukiwa umelowa kiasi cha kutoa matone ukibanwa, yamezidi. Ukiwa umelowa juu na mkavu chini, maji yamemwagwa kwa haraka na kutiririka pembeni, jambo linalotokea sana kwenye miteremko ya Kisarawe.

Marekebisho ya kwanza, basi, ni ya udongo wenyewe, na bomba hufuata baadaye. Debe moja la mboji au samadi iliyooza vizuri kwa kila mita ya mraba, likichanganywa na udongo wa juu kabla ya kupanda, huongeza uwezo wa kichanga kushika maji na kupunguza upotevu wa mbolea. Kibaha ina ufugaji mkubwa wa kuku, hivyo mbolea ya kuku hupatikana kwa urahisi. Tahadhari ni moja: mbolea hiyo isitumiwe ikiwa mbichi, kwa sababu huunguza mizizi, na mmea ulioungua kwa mbolea hunyauka kama mmea wenye kiu. Irundikwe, ifunikwe, iachwe ioze kwa wiki kadhaa.

Umbo la tuta nalo lina nafasi yake. Wakati wa masika matuta huinuliwa ili maji yasituame. Wakulima wengi wa nyumbani huyaacha yakiwa yameinuka hata Januari, na tuta lililoinuka wakati wa kiangazi hukaukia juu, pembeni na kwenye kona. Kwa msimu wa ukavu inafaa kufanya kinyume chake: kulishusha tuta sentimita chache chini ya usawa wa ardhi na kuliwekea kingo, ili kila keni ya maji ibaki mahali ilipomwagwa.

Jua, upepo na matandazo

Maji yasiyoteremka chini hupanda juu kama mvuke. Kumwagilia saa 6 mchana, jua likiwa utosini, ni kugawana maji na anga. Muda unaofaa zaidi ni alfajiri, kati ya saa 11 na saa 1 asubuhi, udongo ukiwa umepoa na upepo ukiwa umetulia. Jioni pia inafaa kwa udongo, ila ina kasoro mbili: ndiyo saa ya msongamano kwenye mabomba, na majani ya nyanya yanayolala yamelowa hushambuliwa na ukungu kwa urahisi. Anayelazimika kumwagilia jioni afanye hivyo kwa maji aliyokwisha kuyahifadhi, na ayaelekeze kwenye shina badala ya kuyarusha juu ya majani.

Hakuna njia ya bei nafuu inayookoa maji mengi kama matandazo. Udongo uliofunikwa haupigwi na jua moja kwa moja, haupepewi, na hauoti magugu yanayogombea maji na mboga. Mkoa wa Pwani una malighafi ya kazi hiyo katika kila kona: makumbi ya nazi, majani makavu ya migomba, nyasi zilizofyekwa, na pumba za mpunga katika maeneo yenye mashine za kukoboa. Tabaka la sentimita tano linatosha, likiachwa wazi kidogo kuzunguka shina. Ipo hoja inayotolewa mara kwa mara dhidi ya matandazo, kwamba yanaita mchwa, na hoja hiyo ina ukweli. Katika viwanja vyenye mchwa, makumbi hufaa kuliko nyasi kavu, matandazo yasigusane na kuta au milango ya mbao, na yageuzwe kila wiki.

Ipo pia mbinu ya kupeleka maji chini bila kulowesha uso wa udongo. Chupa ya plastiki iliyotobolewa matundu madogo na kufukiwa kando ya shina la nyanya au mpapai hutoa maji taratibu pale pale penye mizizi. Mtungi wa udongo usiopakwa rangi, ukifukiwa hadi shingoni na kufunikwa, hufanya kazi hiyo vizuri zaidi kwa sababu kuta zake huvujisha maji kadiri udongo unavyokauka. Mipira ya matone inauzwa katika maduka ya pembejeo na inafaa kwa mwenye eneo kubwa, mradi maji yake yachujwe. Matundu yakiziba kwa mchanga, nusu ya mimea hufa kabla mwenyewe hajagundua.

Ukoka ni suala jingine, na hapa inafaa kusema bila kuzunguka. Uwanja wa nyasi wa mita 10 kwa 10 ukimwagiliwa ili ubaki kijani Januari yote unahitaji takriban lita 500 kwa siku, sawa na matuta kumi ya mboga. Ukoka una mizizi migumu. Ukiachwa bila maji huwa kahawia, lakini hauishi, na hurudi na mvua za kwanza za masika. Kwa taasisi na nyumba zinazopata maji ya bomba, kuuacha ulale kwa wiki nane ni uamuzi usiogharimu chochote isipokuwa mwonekano.

Maji yanayopotea yakiwa bado bombani

Sehemu ya upotevu hutokea kabla maji hayajafika bustanini. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza kati ya lita 15 na 20 kwa siku, yaani karibu ndoo nzima. Tangi la juu ambalo boya lake limekwama humwaga usiku kucha, na mara nyingi huachwa kwa kuwa maji yake yanaangukia mgomba na kuonekana kama yana kazi. Mpira wenye matundu yaliyofungwa kwa kipande cha nailoni nao ni mlango wa upotevu.

Njia ya kubaini uvujaji usioonekana ni kufunga koki zote wakati wa kulala, kuhakikisha tangi limejaa, kisha kusoma dira usiku na kuisoma tena alfajiri kabla ya matumizi. Namba zikiwa zimesogea, bomba linavuja mahali fulani kati ya dira na nyumba, na sehemu hiyo ni jukumu la mteja kuitengeneza. Uvujaji ulio kabla ya dira au barabarani hutolewa taarifa DAWASA kupitia namba ya huduma kwa wateja iliyo kwenye ankara, kwa kutaja mtaa na alama ya karibu inayojulikana.

Jambo jingine linalohitaji kuelezwa ni pampu zinazofungwa moja kwa moja kwenye bomba la mtaa ili mpira wa bustani upate nguvu. Pampu hiyo haizalishi maji. Inanyonya yaliyokuwa yanakwenda kwa majirani. Zaidi ya hapo, bomba linaponyonywa kwa nguvu na likawa na ufa mahali fulani, maji machafu yaliyo nje ya bomba huvutwa kuingia ndani, na athari yake hufika kwenye ndoo ya kunywa ya nyumba ambayo haina hata bustani. Mwenye kuhitaji pampu aiweke baada ya tangi lake mwenyewe, tangi likiwa limejazwa na msukumo wa kawaida.

Kwa wenye visima virefu, kutokuwa na dira hakumaanishi maji hayana mwenyewe. Uchimbaji wa visima hivyo unasimamiwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009, na kwa eneo hili kibali hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Maji ya chini ya ardhi hujazwa na mvua ile ile inayojaza mto. Kiangazi kirefu hushusha yote mawili.

Maji ya mara ya pili

Maji yaliyosuuzia mchele, yaliyooshea mboga na yale ya suuzo la mwisho la nguo yanaweza kutumika bustanini. Yamwagwe kwenye shina la mgomba, mpapai, mnazi au mwembe, siku hiyo hiyo, bila kuhifadhiwa, kwa sababu yakilala huoza na kunuka. Yasimwagwe kwenye mboga za majani wala kitu chochote kitakacholiwa kibichi. Maji ya sabuni nzito, ya kloraiti na yale yaliyooshea nepi za watoto hayafai kabisa. Hata kwa miti, ni busara kubadilisha mahali pa kumwaga kila baada ya siku chache ili chumvi ya sabuni isirundikane sehemu moja.

Hifadhi kubwa zaidi, hata hivyo, iko juu ya paa. Eneo hili hupata mvua inayokaribia milimita 1,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa huanguka ndani ya miezi michache. Paa la bati lenye ukubwa wa mita 8 kwa 10, mvua moja ya milimita 30 ikinyesha na gata zikiwa nzima, hukusanya takriban lita 1,900 baada ya kutoa zinazoruka na kumwagika. Mvua hiyo moja ya Desemba hukaribia kujaza tangi la lita 2,000.

Hapa ndipo mwenye bustani anapotakiwa kufanya uamuzi mgumu. Lita 2,000 hulisha matuta matatu kwa siku 13 tu. Tuta moja zinalilisha kwa siku 40, na likiwekewa matandazo huenda zikakaribia mwisho wa Februari. Bustani ya kiangazi inapaswa kupangwa kulingana na maji yaliyopo, na kwa kaya nyingi hiyo ina maana ya tuta moja lililotunzwa vizuri badala ya matatu yanayogombania mpira. Tuta hilo lipandwe mazao yanayovumilia joto: matembele, bamia, kunde au mlenda. Chainizi na mchicha, vinavyotaka maji kila siku, vinaweza kusubiri msimu wao.

Tangi la mvua lina masharti yake. Maji ya dakika za mwanzo za mvua ya kwanza baada ya ukavu yaachwe yapite, kwa kuwa yanabeba vumbi na kinyesi cha ndege. Mfuniko ukae imara na mdomo wa bomba la kuingizia ufungwe kitambaa cha wavu. Mbu anayeeneza homa ya dengi, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2019, hutaga kwenye maji masafi yaliyotulia karibu na nyumba, na tangi lililo wazi au makopo yaliyotapakaa uani humpa nafasi hiyo.

Gata zisafishwe na viungio vyake vikazwe kabla ya mwisho wa Februari, wakati mafundi bado hawajabanwa na kazi. Matuta mawili yaliyopumzishwa yawekewe samadi na kufunikwa kwa nyasi katika kipindi hicho cha kusubiri, kisha yafunguliwe tena mvua za masika zitakapokuwa zimelowesha udongo hadi kina cha kiganja na vidole, jambo ambalo kwa kawaida hutokea katika nusu ya pili ya Machi.